Sura ya 6: Nani Achore Mstari?

Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Kinshasa ilitoa dekrete zilizopandisha cheo vituo kadhaa vya nchi: hiki kikawa mji, kile kikawa komini. Katika teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini, majina mawili kati ya yale yaliyoandikwa humo hayajatoka midomoni mwa watu hadi leo. Baraka, penye boti, ndagala na soko, ikapata hadhi ya mji. Minembwe, huko juu kwenye nyanda za malisho ambako ng'ombe ni wengi kuliko baiskeli, ikapata hadhi ya komini ya vijijini.

Miaka saba ikapita. Tarehe 28 Septemba 2020 Azarias Ruberwa, waziri wa ugatuzi, alipanda Minembwe kuusimika rasmi uongozi wa komini hiyo. Hazikutimia wiki mbili. Tarehe 8 Oktoba, Rais Félix Tshisekedi akiwa Goma, akatangaza kwamba anafuta kilichofanyika, na kwamba tume ya wataalamu itaundwa kuichunguza mipaka. Kati ya tarehe hizo mbili Kongo nzima ilikuwa imewaka. Watu wa Kinshasa, na wengine walioko Ulaya, ambao hawajawahi kuukanyaga mlima huo, waliijadili Minembwe kana kwamba ni chumba cha nyumba yao.

Kwa nini mpaka wa komini moja ya mlimani uitikise nchi yenye majimbo 26? Jibu langu nalitoa mapema, msomaji asihangaike kulitafuta: Fizi imepewa mstari kabla ya kupewa kura na kabla ya kupewa fedha. Mstari wa namna hiyo ni zawadi ya mkubwa, na zawadi ya mkubwa watu huigombania.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Wakenya husema majimbo, Waganda wa Buganda husema federo, Wakongo husema federali, na vitabu husema shirikisho. Tofauti yake na serikali ya umoja ni moja tu ya msingi. Katika serikali ya umoja, jimbo limekabidhiwa madaraka na kituo, na kituo kikiamka vibaya kinaweza kuyachukua tena. Katika shirikisho, madaraka ya jimbo yameandikwa ndani ya katiba pamoja na yale ya kituo, na hakuna upande unaoweza kumpokonya mwenzake peke yake. Uswisi iko hivyo, Nigeria iko hivyo, Ethiopia tangu 1995 iko hivyo. Kenya haijiiti shirikisho, lakini kaunti zake 47 zina magavana waliochaguliwa na wananchi, na Katiba ya 2010 inazihakikishia si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Na Kongo? Kifungu cha kwanza cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema nchi ni moja na haigawanyiki. Ukiendelea kusoma unakuta jimbo lina bunge lake, gavana anayechaguliwa na bunge hilo, na orodha ya mambo yanayolihusu lenyewe peke yake. Waandishi wa katiba walikwepa neno wakachukua sehemu ya kitu. Walikuwa na sababu ya kuliogopa neno hilo, na sababu hiyo ina umri sawa na uhuru wenyewe.

Mwaka 1960 Kongo ilikuwa na majimbo sita. Patrice Lumumba na chama chake cha MNC walitaka serikali moja yenye nguvu. Joseph Kasa-Vubu na ABAKO, pamoja na Moïse Tshombe na CONAKAT ya Katanga, walitaka shirikisho. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi. Mwezi wa Agosti Albert Kalonji akafuata na Kasai ya Kusini. Katanga haikurudi hadi Januari 1963, na kwa wakati huo Lumumba alikwisha uawa hukohuko. Tangu hapo masikio ya Wakongo wengi hayasikii "federali", yanasikia "kujitenga". Ni bahati mbaya, kwa sababu anayedai shirikisho anaomba kubaki ndani ya nyumba na kupewa ufunguo wa chumba chake, ilhali anayejitenga anatoka na mlango. Lakini Tshombe aliomba ufunguo kwanza kisha akaondoka na mlango, na watu hawakusahau.

Hata hivyo Kongo iliwahi kuwa na katiba ya shirikisho, ile ya Luluabourg, iliyoanza tarehe 1 Agosti 1964. Ndiyo iliyoleta jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majimbo yalikuwa yamefika 21, madogo kiasi cha kuitwa kwa dhihaka "vijimbo", na Kivu ilikatwa vipande. Katiba hiyo ikaishi mwaka mmoja na miezi. Mobutu akapindua serikali tarehe 24 Novemba 1965, na hadi mwisho wa 1966 majimbo yalikuwa manane na madaraka yote yalikuwa Kinshasa. Kivu ya Kusini kama tuijuavyo ilizaliwa 1988, pale Kivu ilipogawanywa tena vipande vitatu. Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992 ulichagua njia ya shirikisho ukaandika hata rasimu ya katiba, lakini rasimu ile ilibaki karatasi.

Sasa turudi Fizi.

Fizi ni teritwari moja kati ya nane za Kivu ya Kusini, lakini ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Burundi nzima, pamoja na rais wake, jeshi lake na benki kuu yake, haifiki mara mbili ya Fizi. Kutoka Baraka hadi Kinshasa ni kilomita 1,500 hivi kwa njia ya ndege. Kigoma ya Tanzania iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tu. Historia ya mahali hapa imepita ziwani: wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliovuka kutoka Ujiji katika karne ya 19, wakaacha lugha, misikiti na jina la Baraka lenyewe, na baadaye wakimbizi waliovuka kwa mwelekeo wa pili, wengi wao wakaishia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Mtoto wa Fizi anaweza kumaliza shule akiwa amezoea bendera ya Tanzania kuliko ya kwao.

Wabembe ndio wengi. Wako pia Wabuyu, Wabwari wa rasi ya Ubwari, Wafuliru, Wanyindu, Batwa na Banyamulenge. Kabila hili na lile wameoana, wamekopeshana, wameuana. Jambo ambalo mgeni hulikosa ni kwamba Wabembe hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na koo, na walikuwa na bwami, chama cha vyeo ambacho wanakitambua pia Walega, ambamo mtu alipanda ngazi kwa miaka mingi, kwa mwenendo, kwa mali na kwa kukubaliwa na wenzake. Madaraka yalikaa mahali pengi kwa wakati mmoja. Wabelgiji walipotaka mtu mmoja wa kumkabidhi kodi na adhabu hawakumpata, nao wakalazimika kumtengeneza. Ndiyo maana hadi leo Fizi haina uchifu wa kurithi kama ule wa Kabare. Ina sekta nne: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, na mkuu wa sekta ni mtu wa kuteuliwa. Ukitaka kejeli ya historia ni hii: watu ambao desturi yao ilikuwa karibu na shirikisho kuliko ya majirani wote ndio waliopewa muundo unaotegemea uteuzi kuliko majirani wote.

Kisha kuna habari ya Hewa Bora, ngome ya waasi katika milima ya Fizi, ambayo sioni vitabu vya siasa vikiitilia maanani inavyostahili. Waasi wa Simba waliposhindwa 1965, mwaka ambao Che Guevara alikaa miezi saba katika milima hii na kuondoka amekata tamaa, Laurent-Désiré Kabila alirudi, na tarehe 24 Desemba 1967 akaanzisha Chama cha Mapinduzi ya Watu, PRP. Kwa karibu miaka ishirini sehemu ya milima ya Fizi iliishi nje ya mkono wa Mobutu. Kulikuwa na shule, mashamba ya pamoja, ushuru, mahakama, adhabu kali, na dhahabu iliyovushwa ziwa usiku. Sitaisifia: wazee wengi wanaikumbuka kwa hofu. Lakini ilikuwa serikali, na ilikuwa hapohapo, na mtu alijua ni mlango gani wa kubisha.

Na Kabila, yule mkubwa wa Hewa Bora, alipoingia Kinshasa kuchukua urais Mei 1997, alifanya nini? Kabla mwezi haujaisha alitia sahihi dekrete iliyokusanya utungaji wa sheria na utendaji wote mikononi mwake. Mtu aliyeishi miongo miwili akithibitisha kwamba Fizi inaweza kujiendesha bila Kinshasa, alipoipata Kinshasa hakuiachia Fizi chochote cha kujiendesha. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanishangaza, ingawa labda haipaswi. Kila anayefika kitini huona kwamba kiti ni kidogo.

Tupande sasa mlimani.

Banyamulenge ni wafugaji wanaosema Kinyamulenge, lugha iliyo jirani na Kinyarwanda na Kirundi. Babu zao walifika nyanda za juu za Itombwe na Fizi kabla ya Wabelgiji kuchora mipaka, lakini ukoloni haukuwaachia sekta wala uchifu wa kudumu ulio wao. Katika Kongo ya vijijini, asiye na chifu hana ardhi yenye jina lake, na asiye na ardhi yenye jina lake huitwa mgeni hata akizikwa hapo kizazi cha tano. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Minembwe watu wana jembe, wana ng'ombe na wana makaburi, na bado wanaulizwa walifika lini. Mwezi wa Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire, ambalo miongoni mwa viongozi wake alikuwamo mwana wa Fizi mwenyewe, Anzuluni Bembe, lilipitisha azimio lililowatia hata wao katika kundi la watu wa kurudishwa kwao. Mwaka uliofuata vita ikaanza. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 ilikuja baadaye kusema kwamba makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa ndani ya Kongo wakati wa uhuru ni Wakongo. Ilichelewa miaka tisa, na maiti nyingi.

Kwa hiyo ukimsikiliza mtu wa Minembwe, komini ni karatasi inayosema: ninyi ni wa hapa. Si barabara, wala si ofisi. Ni cheti cha kuzaliwa cha watu wote kwa pamoja.

Shuka Baraka umsikilize Mbembe. Yeye anakumbuka kwamba Minembwe ilifanywa teritwari kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na waasi wa RCD, waliokuwa wakiungwa mkono na Rwanda. Kwamba teritwari hiyo ilimegwa kutoka Fizi, Mwenga na Uvira. Kwamba miezi michache kabla yake, mwisho wa Desemba 1998, mamia ya raia waliuawa Makobola, ndani ya Fizi, na hakuna aliyehukumiwa. Teritwari ile ilifutwa baada ya vita. Iliporudi kwa jina la komini, Baraka haikuona ofisi ya kuandikisha watoto. Iliona RCD inarudi kwa mlango wa nyuma, na waziri aliyekuja kuisimika alikuwa zamani mkuu wa RCD hiyohiyo na ni Munyamulenge. Mlimani nako watakujibu kwa Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, ambako tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku ndani ya mahema. Kila upande una tarehe yake, na kila upande unaijua tarehe ya mwenzake ila hauitaji.

Nawaamini wote wawili. Hilo ndilo gumu.

Hapo ndipo neno federali linapozidi kuharibika. Moja ya makundi yenye silaha yaliyotoka kwa Banyamulenge lilijiita Forces républicaines fédéralistes, likidai shirikisho na teritwari ya Minembwe, hadi lilipoingia katika jeshi la taifa mwaka 2011. Mmoja wa maafisa wake, Michel Rukunda aliyejulikana kwa jina la Makanika, alirudi mlimani baadaye na kuongoza kundi jingine lenye silaha, Twirwaneho. Alipouawa Februari 2025, Twirwaneho ikajitangaza kuwa upande wa muungano wa waasi wa AFC/M23, siku chache tu baada ya Bukavu kuanguka, na Minembwe ikawa mikononi mwao. Mkuu wa AFC, Corneille Nangaa, naye anasema dawa ya Kongo ni shirikisho. Sasa mwambie kijana wa Wazalendo, wapiganaji walio upande wa serikali, kule Baraka kwamba shirikisho ni mfumo mzuri wa nchi zenye makabila mengi. Atakutazama tu. Hoja nzuri ikibebwa na bunduki hupata harufu ya bunduki, na inachukua muda mrefu kuiosha.

Lakini tuiweke bunduki chini kidogo, tuangalie kitu kimoja ambacho katika kelele za 2020 kilipita kimyakimya. Kiongozi wa komini ya Minembwe alikuwa na kazi yake kwa uteuzi uliotoka juu. Meya wa Baraka vilevile. Msimamizi wa teritwari ya Fizi vilevile. Sheria inataka madiwani wa komini na wa sekta wachaguliwe na wananchi, kisha madiwani hao ndio wawachague wakuu wao. Uchaguzi wa namna hiyo umefanyika mara moja tu tangu 2006, Desemba 2023, nao ulihusu baadhi ya komini za miji mikuu ya majimbo. Ukiondoa hao, Kongo nzima ya chini inaongozwa na watu waliotumwa.

Basi watu walikuwa wanagombania nini? Walikuwa wanagombania mtu wa Kinshasa atasimama upande gani wa mlima. Komini yenye madiwani tisa wa makabila manne, waliochaguliwa, wanaolazimika kupigiana hesabu kila bajeti, ingekuwa kitu kingine kabisa. Mbembe wa kijiji kilicho ndani ya mpaka wa Minembwe angekuwa na diwani wake mezani. Katika komini ya uteuzi ana jambo moja la kutazama, nalo ni kabila la aliyeteuliwa.

Upande wa fedha ni mbaya zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu ndogo. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ni ya majimbo, na zikatwe palepale zinapopatikana, zisisafiri. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji, komini, sekta na uchifu inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya ngazi hizo za chini. Kwa hiyo kati ya kila franka 100 zilizokusanywa, 60 zingekwenda kituoni, 24 zingebaki jimboni na 16 zingeteremka hadi Baraka, Mutambala, Ngandja na wenzao wa jimbo zima. Hayo ni maandishi. Kwa vitendo fedha husafiri zote kwenda Kinshasa, kisha jimbo hukaa likisubiri Kinshasa iamue irudishe kiasi gani na lini. Iliwekwa pia hazina ya kusaidia majimbo yaliyo nyuma, yenye haki ya asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa kifungu cha 181. Sheria yake ilisubiri hadi Novemba 2016.

Matokeo yake unayakuta barabarani. Sekta isiyopokea kitu kutoka juu inatafuta kitu kutoka chini: kamba kuvuka njia, kijana na kitabu cha risiti, na mama mwenye beseni la ndagala anayelipa mara tatu kabla ya kuuza. Barabara yenyewe ni ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu na Uvira, inapita Baraka na Fizi, inaelekea Kalemie na Katanga; mvua ikikata daraja, meya wala mkuu wa sekta hana bajeti wala idhini ya kulijenga. Kule Misisi, katika sekta ya Ngandja, dhahabu inatoka ardhini kila siku. Kanuni ya madini ya 2018 inazipa ngazi za chini asilimia 15 ya mrabaha na jimbo asilimia 25, ambayo ni hatua kubwa, ila mrabaha huo hulipwa na makampuni yenye hati, na Misisi ni kazi ya koleo na karai. Dhahabu inaondoka mfukoni. Sekta inabaki na mashimo.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo hata wasomi wa Bukavu hulisahau. Teritwari, yaani Fizi yenyewe, jina ambalo watu wanaliimba na kulifia, haina nafsi ya kisheria. Haina baraza, haina bajeti inayoipigia kura, haiwezi kumiliki kitu. Ni tawi tu la Leta, yaani serikali. Wenye nafsi ni sekta, mji na komini. Tunao basi watu waliouana kwa ajili ya mpaka wa teritwari, chombo ambacho kwa sheria hakiwezi kuwajengea choo cha shule.

Wanaopinga shirikisho wana hoja, na hoja yao bora haihusu Tshombe. Inahusu Ethiopia. Mwaka 1995 Ethiopia ilichora majimbo yake kwa kufuata lugha na makabila, na kila taifa likapewa hata haki ya kujitenga. Wasiokuwa na jimbo lenye jina lao wakageuka wageni ndani ya majimbo ya wenzao, wengine wakafukuzwa, wengine wakauawa. Tigray na kituo wakapigana kutoka Novemba 2020 hadi Novemba 2022. Nigeria ilianza uhuru na maeneo matatu. Leo ina majimbo 36, na bado yapo makabila yanayoomba la kwao, kwa sababu kila unapomkatia aliye wachache jimbo lake, ndani yake unamkuta mwingine aliye wachache zaidi. Ukiipa Minembwe mpaka wake, Mnyindu na Mbembe aliye ndani atauliza wake. Ukiipa Baraka jimbo, Mbuyu wa Ngandja atauliza lake. Mstari mnene wa kabila hauishi kukatwa.

Lakini Ethiopia hiyohiyo ina somo la pili ambalo halitajwi sana. Wasidama waliomba jimbo lao, wakasubiri, wakapiga kura Novemba 2019, na mwaka uliofuata wakalipata. Na Uswisi, ambayo kwa bahati ina kantoni 26 kama majimbo yetu, ilikuwa na Minembwe yake: Jura, watu wa Kifaransa na wengi wao Wakatoliki, ndani ya kantoni ya Bern ya Kijerumani na Kiprotestanti. Kulikuwa na mabomu na moto katika miaka ya 1960. Walifanyaje? Mwaka 1974 waliulizwa wote wa Jura. Mwaka 1975 ziliulizwa wilaya moja moja kama zinataka kufuata au kubaki, kisha vijiji vya mpakani kimoja kimoja. Wilaya tatu za kusini zikabaki Bern. Kantoni mpya ilianza tarehe 1 Januari 1979, na mji wa Moutier ulioendelea kubishana ulipiga kura tena na tena hadi 2021, ukahamia Jura tarehe 1 Januari 2026. Zaidi ya miaka hamsini kwa kipande cha ardhi kisichofika robo ya Fizi! Ni polepole kwa kuudhi. Hakuna aliyekwenda kulala akaamka ndani ya mpaka ambao hakuulizwa.

Fizi hawakuulizwa 1999, hawakuulizwa 2013, hawakuulizwa 2020 komini iliposimikwa, na hawakuulizwa siku kumi baadaye ilipofutwa. Nalitilia mkazo hilo la mwisho. Waliofurahia kufutwa walisahau kwamba kalamu iliyofuta ndiyo ileile iliyoandika, na inakaa mfuko uleule.

Mtu ataniuliza kura itapigwaje mahali penye bunduki kiasi hiki, huku maelfu ya wenyeji wakiwa kambini ng'ambo ya ziwa. Ni swali la haki. Nyarugusu ina watu wa Fizi waliozaliwa huko ambao hawamo katika daftari lolote la Kongo, na kuhesabu wakazi wa komini bila wao ni kumzawadia aliyewafukuza. Sina njia ya mkato. Lakini silioni pia kama sababu ya kuanza na mstari; ni sababu ya kuuacha mstari uwe wa mwisho. Anza na mabaraza ya sekta kama zilivyo leo, Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, na viti vilivyopangwa ili lisiwepo kabila la kukosa kabisa. Zipe fungu lao la zile franka 16. Waache wagombane miaka mitano juu ya daraja, zahanati na ushuru wa ng'ombe wanaoshuka Ngandja kiangazi kutafuta majani. Ugomvi wa bajeti una mwisho, kwa sababu mwaka unaisha. Kisha, kama Minembwe bado inataka kujitenga na sekta hizo, viulizwe vijiji kimoja kimoja, pande zote mbili, na walioko Nyarugusu wakiwemo.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba tume itaandika katiba inayolingana na hali ya Wakongo. Wengi waliosikia walifikiria mihula ya urais, na si bila sababu. Mimi ningependa watu wa Fizi, kila wanapokutana na mbunge wao, wamuulize habari ya vifungu vingine: kile cha 175 na asilimia yake 40, na kile cha tatu kinachosema miji, komini, sekta na uchifu vinajiendesha kwa uhuru. Vifungu hivyo havihitaji katiba mpya. Tangu Katiba ya 2006 ianze kazi, hakuna mkazi wa sekta hata moja ya Fizi aliyempigia kura diwani wa sekta yake.